Gunia la Bibi Minza

Nakumbuka asubuhi ile gari la madaktari wa macho lilipoingia kijijini kwetu kwa mara ya kwanza, mwanangu. Weka ungo chini kwanza, mchele hautakimbia, uje ukae hapa karibu yangu. Nakumbuka vumbi lilivyopanda katikati ya mawe, na sisi watoto wa shule tulivyolikimbilia lile gari kwa kelele kana kwamba limebeba sukari. Na namkumbuka mama yangu amesimama mlangoni, akimwambia balozi wetu wa nyumba kumi, "Hapa kwetu hakuna kipofu." Alisema kwa adabu, kwa sauti yake ya kila siku. Nyuma yake, uani, bibi yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua pamba, na alikuwa haoni.

Ukiisikia hivi hivi utadhani mama yangu alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Tangu nizaliwe sijaona mke wa mtu aliyempenda mama mkwe wake kama yeye, na hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Ngoja nikueleze tulivyofika huko.

Nyumbani tulikuwa watatu, mama, bibi na mimi. Baba alikuwa mvuvi, alikaa visiwani miezi mingi na kurudi na samaki wakavu na kikohozi. Bibi Minza ndiye aliyemzaa baba. Alikuwa mwembamba, mkali wa maneno, mwepesi wa kucheka, na mimi aliniita mke mwenzake kwa sababu marehemu babu alikuwa mume wetu sote wawili, yeye wa kweli na mimi wa utani. "Mke mwenzangu mvivu," angeita asubuhi, "mume wetu alikupendea nini? Lete gunia hapa."

Nyinyi watoto wa hapa mjini Kirumba mnajua samaki, pamba mnaiona kwenye duka la dawa. Sisi pamba ndiyo ilikuwa shule yetu, nguo yetu na chumvi yetu. Ukishaivuna, unaichambua mafungu mawili. Nyeupe isiyo na takataka ndiyo pamba safi. Yenye madoa ya manjano, iliyoharibiwa na wadudu au kunyeshewa, ndiyo fifi, nayo inakwenda gunia lake. Ukifika kwenye ghala la kijiji, karani anazamisha mkono katikati ya gunia na kuchomoa konzi moja. Akikuta fifi ndani ya safi, gunia linarudishwa. Unalibeba kichwani mbele ya watu wote mpaka nyumbani, ukalichambue upya. Wanawake walikuwa wanachekana kwa jambo hilo msimu mzima.

Gunia la Bibi Minza halikuwahi kurudishwa. Watu walileta wake wa watoto wao wakae naye mkekani wajifunze. Na kwa sababu alikuwa mjane mzee asiyeweza tena jembe, alipenda kusema kwamba yeye hali chakula cha bure katika nyumba ile. Kazi ile ndiyo iliyomfanya ale akiwa ameinua kichwa.

Halafu zikaja zile siku za kuhamishwa, vijiji vya ujamaa. Tukaacha nyumba yetu ya zamani kule juu ya mawe, upande wa Kiseke, tukajengewa mstari mmoja na watu wengine chini bondeni. Sitakusimulia siasa, wapo wanaozijua kuliko mimi. Nakusimulia kwamba huko ndiko bibi alikoanza kujikwaa. Aligonga mlango kwa bega. Alikanyaga kuku. Alimwaga uji pembeni mwa bakuli. Tulimwona, na kila mmoja akawa na jibu rahisi mdomoni, mahali pageni hapa, bado hajapazoea. Yeye mwenyewe alisema hivyo, na sisi tukaitikia.

Jioni moja alikaa nje ya nyumba mpya, uso wake kuelekea magharibi, akavuta pumzi. "Kule kwetu tulikuwa tunaliona ziwa," akasema. "Hapa wametuficha. Ziwa halionekani kabisa."

Mwanangu, ziwa lilikuwa mbele yake. Lilikuwa limejaa jua, na mitumbwi ya wavuvi ilikuwa inarudi, ungeweza kumjua mtu kwa kofia yake. Nikafungua mdomo. Mama akanitazama na kutikisa kichwa, kisha akasema polepole, "Ndiyo, mama. Hapa halionekani."

Ulikuwa uongo mdogo wa huruma. Tulimsitiri. Kwetu sisi mtu mzima husitiriwa, humwambii mkubwa wako kwamba ameshindwa, unapita nyuma yake unatengeneza alichokiharibu, na yeye hajui, na heshima yake inabaki. Nilifundishwa hivyo nikiwa mtoto na mpaka leo naona ni tabia njema katika mambo mengi.

Msimu ule wa pamba ulipofika, mama akakuta fifi katikati ya fungu safi la bibi. Si moja, si mbili. Vidole vya bibi vilikuwa bado hodari, vilikamata kipande cha jani na kijiti na ganda. Lakini doa la manjano halina uvimbe, kidole hakiwezi kulijua. Mama aliinama pale mkekani akainua zile pamba moja moja, uso wake ukabadilika. Akaniita pembeni.

"Kabula, usimwambie bibi. Atakufa kwa aibu."

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Bibi akimaliza na kwenda kujinyoosha ndani, tunavuta fungu lake nyuma ya nyumba na kulichambua tena. Nilijifunza kufanya bila sauti. Tulikuwa tunarudisha pamba pale pale ilipokuwa, tunaitawanya kama mkono wake ulivyoitawanya, na akitoka anaishika na kuridhika. Gunia likaenda ghalani, karani akazamisha mkono, akachomoa konzi nyeupe. "Bibi Minza," akasema kwa sauti watu wasikie, "mikono yako haizeeki!" Bibi alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Mama alitembea nyuma yake, mbali kidogo.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa lile gari lilipokuja. Lilikuwa la hospitali moja ya misheni. Walikuja na vitanda vya kukunja, na taa, na dawa, na wakasema kazi yao ni bure kwa kuwa wapo watu wema mbali huko waliojichangisha, hata wasiotujua majina. Walikaa shuleni, darasa moja likawa chumba cha kupasulia. Balozi alipita nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja tu, kuna kipofu hapa? Na mama akajibu kama nilivyokwambia.

Lakini balozi hakuwa peke yake. Alifuatana na nesi mmoja wa kutoka Bukoba, jina lake Koku, mrefu, mpole, mwenye macho yasiyoridhika na jibu la mlangoni. Akaomba ruhusa akaingia uani.

"Shikamoo, bibi."

"Malahaba, mwanangu," bibi akaitikia. Herufi ya r hakuwahi kuipata maisha yake yote, wala hakuihitaji.

"Macho yanasemaje, bibi waitu?" akauliza, kwa neno la heshima la kwao.

"Kizee ana macho ya kizee. Lakini tazama kazi yangu." Bibi akaonyesha fungu la pamba lililokuwa kando yake, lile la jana, ambalo mama na mimi tulikuwa tumeshalipitia. "Kalani hajawahi kuniludishia gunia. Muulize."

Nesi akachutama, akachota pamba, akaigeuza kwenye jua. Ilikuwa nyeupe tupu. "Naomba nikuangalie kidogo tu," akasema. Bibi akavuta kanga mpaka kwenye nyusi, akacheka. "Nenda kwa vipofu, mwanangu. Wanakusubili." Nesi akamtazama mama. Mama akatazama chini. Nje watu walikuwa wanamwita nesi, mstari ulikuwa mrefu, akaaga akaondoka.

Mimi nilisimama karibu na mtungi wa maji. Nilikuwa mtoto, na mama yangu alikuwa amekwisha kusema.

Jirani yetu Mzee Masalu alipasuliwa siku hiyo. Alikuwa anaongozwa kwa fimbo. Kesho yake walipomfungua bandeji, wote tulikuwa pale nje ya darasa. Alimtazama mke wake muda mrefu, kisha akasema, "Mama, mbona umezeeka hivi bila kuniambia?" Watu walicheka mpaka wakashika matumbo, na mke wake alicheka huku machozi yanamtoka. Niliporudi nikamsimulia bibi. Alicheka sana. Kisha akaanza kuuliza. Wanakata wapi? Inauma? Masalu alilala chali au ubavu? Aliuliza mpaka nikachoka kujibu.

"Mimi bado," akasema mwishowe. "Siku pamba ikinishinda, nitakwenda."

Mama alikuwa pale jikoni. Alilisikia neno lile kama nilivyolisikia. Alisonga ugali, akasonga, na hakugeuka. Baadaye aliniambia kwamba gari litarudi mwaka kesho, na kwamba kabla halijarudi atakuwa amepata namna ya kumweleza bibi polepole, bila kumvunja. Naamini alikusudia kweli.

Mvua zilianza kabla hajaipata hiyo namna. Siku moja bibi aliamka akishika kichwa upande mmoja. Alitapika. Jicho likawa jekundu, gumu, akawa analia kwa maumivu, yeye ambaye hatukuwahi kumsikia akilia. Zahanati walimpa vidonge vya kichwa. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa tope tupu, magari hayapiti. Jirani akatuletea maji ya majani, mama akayadondosha kwenye lile jicho, Mungu amsamehe, hakujua kwamba majani yale yanaunguza. Maumivu yakaisha yenyewe. Kabla ya mavuno, jicho la pili likafuata njia ile ile.

Gari liliporudi hatukungoja balozi. Tulimshika bibi mikono, mama kulia, mimi kushoto, tukampeleka shuleni. Daktari alikuwa mzee wa makamo asiyesema sana. Akawasha tochi ndogo, akaisogeza.

"Bibi, taa iko upande gani?"

"Taa gani?"

Akaihamishia jicho la pili. "Na sasa?"

Bibi aligeuza uso huku na huku. Alikuwa anajaribu, mwanangu. Nilimwona anavyojaribu, shingo imenyooka, kama mtu anayesikiliza mlango. Daktari akazima tochi, akaiweka mfukoni, akamshika bibi mkono kabla ya kusema. Akatueleza kwamba ulikuwa mtoto wa jicho, ule ukungu unaoziba mboni, kitu cha kutolewa siku moja na mtu akaona. Umekaa mpaka ukaiva kupita kiasi, ukaleta presha ndani ya jicho, na presha ikaua mshipa unaopeleka nuru. Mshipa ukifa hakuna kisu cha kuurudisha. "Laiti angefika tulipokuja mara ile," akasema. Hakusema kwa kulaumu.

Tulimtoa nje tukamkalisha barazani. Nesi Koku alikuja akakaa naye kwenye benchi. Alikuwa amemkumbuka. "Wewe ni bibi wa pamba," akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Bibi waitu, ni tangu lini ulianza kutoona vizuri?"

"Labda tangu tuhamie hapa," bibi akasema. "Sijui. Hapa hata ziwa halionekani."

Nesi akainua uso. Baraza ile ilitazama ziwa. Lilikuwa limetandaa lote mbele yetu, kutoka kwenye mawe mpaka lilikokutana na mbingu, na meli ilikuwa inapita mbali ikitoa moshi. Alitazama ziwa, akamtazama mama, akatazama tena ziwa. Hakusema kitu. Lakini bibi alikuwa mtu wa kusikia kimya.

"Mke mwenzangu," akaniita. Hakukuwa na utani safari hii. "Ziwa linaonekana kutoka hapa?"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa kanga.

"Linaonekana, bibi."

"Na nyumbani?"

"Na nyumbani linaonekana."

Mikono yake ilikuwa mapajani, na vidole vikaanza kucheza kama vinachambua. Kisha vikasimama.

"Na pamba?"

Hapo mama alipiga magoti kwenye vumbi la baraza akashika miguu ya bibi, akalia. Alieleza yote, nyuma ya nyumba, fifi, karani. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia atakasirika. Afadhali angekasirika.

"Mngeliacha gunia langu liludi," akasema. "Mala moja tu, mayu, mama yangu. Ningelibeba kichwani, watu wangenicheka, ningefika nyumbani na kulala na hasila yangu. Na asubuhi ningejiuliza, macho yangu yana nini? Ningekwenda kwa huyu binti na miguu yangu mwenyewe." Akapapasa mpaka akapata kichwa cha mama, akaweka mkono juu yake. "Mlinisitili mpaka nikapotea."

Hakulisema tena neno lile, si kwa mama wala kwa mtu mwingine. Aliishi miaka mingine kadhaa. Hakugusa pamba. Tulimletea mkeka, tukamwomba atufundishe tu kwa mdomo, akakataa. Alikula kidogo, kana kwamba anaogopa kumaliza chakula cha wenye nyumba. Jioni alitaka nikae naye nje nimwambie ziwa likoje leo, lina rangi gani, mitumbwi mingapi, nani amevaa nini. Nilimwambia kila kitu. Sikuongeza na sikupunguza, hata siku ziwa lilipokuwa la kijivu na baya. Mama alikuwa akitusikiliza kutoka jikoni, na mpaka anakufa, miaka mingi baadaye, hakuweza kupita karibu na pamba bila kugeuza uso.

Nilipokua nilikwenda kuwasaidia watu wale wa macho. Sikusoma udaktari. Nilikuwa napika uji wa wagonjwa na kutangulia nyumba kwa nyumba kabla gari halijafika. Sikuuliza kamwe kama kuna kipofu, kwa sababu najua wanavyojibu. Nilikuwa naingia uani, nasalimia, nakaa na mzee wa nyumba, namuuliza, "Babu, kanga yangu hii ya rangi gani?" Wengine walinitania kwamba nimekuja kutafuta mume. Nilicheka nao na nikauliza tena. Wengi waliopapasa jibu niliwapandisha garini siku hiyo hiyo, watoto wao wakinuna pembeni kwa kuwa nimewaaibisha wazee wao. Nikiwaona wanarudi wanatembea wenyewe, nilifurahi, na nikitoka hapo nilikuwa nakwenda mahali peke yangu kulia. Sikuwahi kuona mtu anafunguliwa bandeji nisimwone bibi.

Sasa sikia ninachotaka kukuambia. Mtoto akiwa na macho mekundu, mnawishe uso na mpeleke zahanati, usiweke majani wala dawa ya jirani. Akiugua surua mtazame macho kila siku. Mtu mzima akianza kumwaga uji, usiseme ni uzee, na usiseme ni mahali pageni. Mwambie. Mwambie kwa upole, mkiwa wawili, umshike mkono, lakini umwambie leo, usingoje upate maneno mazuri, maana mama yangu aliyangoja. Heshima ya mtu haimo katika kudanganywa. Bibi yangu angeweza kuvumilia aibu, alikuwa na kifua cha kutosha. Sisi ndio tuliokosa kifua.

Na jambo jingine, mwanangu, ndilo hasa lililonifanya nikuite. Juzi nilichagua mchele nikamaliza, nikaja kukaa hapa nje. Nikasikia ungo unacheza tena kule jikoni, polepole, kama mtu anayeogopa kusikika. Jana pia. Mimi naijua sauti hiyo kuliko mtu yeyote katika nyumba hii, niliwahi kuitoa mwenyewe. Umekuwa ukitoa mawe niliyoyaacha. Usilie, sijakuita nikugombeze, umefanya kwa mapenzi. Niambie tu yalikuwa mengi kiasi gani. Kisha kesho asubuhi tunakwenda hospitali mimi na wewe, na mbele ya daktari utasema wewe, kwa sababu mimi nitataka kusema naona.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe macho mazima na maisha marefu ya kuyatumia. Na ukifika uzee wangu, akupe mtu katika nyumba yako atakayethubutu kukurudishia gunia.